Kabila la Choroko

Flemingdon Park, Toronto
14 Machi 2026

Bwana Mifugo,

Leo nimetimiza miaka hamsini na miwili, miezi sita na siku kumi na mbili tangu niondoke Mpwapwa. Najua utasema anayehesabu mpaka siku ni mtu asiye na kazi. Ni kweli, sina. Nina miaka themanini na mmoja, dirisha la ghorofa ya kumi na nne, na bonde lililo chini yake ambalo bado lina theluji ingawa Navroz, mwaka mpya wetu wa majira ya kuchipua, ni wiki ijayo. Mjukuu wangu Tasleem atakuja jioni kuipiga picha barua hii na kuituma kwenye simu ya mjukuu wako, kisha nitaipeleka posta kama mtu mwenye adabu. Kwa hiyo utaisoma mara mbili, na mara ya pili utaona makosa yangu ya wino.

Nakuandikia kwa ajili ya Choroko. Unamkumbuka kwenye picha: paka wangu wa rangi tatu, niliyempa jina hilo kwa sababu ya macho yake. Jumanne nilikuwa namsugua tumbo, kidole changu kikakutana na kitu kigumu kama punje ya dengu, kando ya titi la tatu upande wa kushoto. Nilidhani ni kupe. Ukicheka nitajua. Huku ghorofani kupe atapanda na lifti?

Daktari wake, msichana mwenye subira anayeitwa Valerie, alikishika kitu hicho kwa vidole viwili na akaacha kutabasamu. Saratani ya matiti, alisema, inaelekea hivyo. Atamfanyia upasuaji tarehe ishirini na tano. Aliniuliza Choroko alifungwa uzazi akiwa na umri gani. Nikasema miaka mitatu. Akaandika. Hakunilaumu, lakini niliona jinsi alivyoandika.

Halafu akanipa fomu. Kuna chuo kinachokusanya vipande vya uvimbe wa paka na damu yao, wasome jeni zilizoharibika. Paka, aliniambia, wanaishi ndani ya nyumba zetu, wanavuta hewa yetu, na baadhi ya jeni zinazowaletea saratani ndizo hizo hizo zinazotusumbua sisi. Nikapenda. Nikachukua kalamu.

Swali la nne likanikwamisha. Ninyi watu wa mifugo mngelisoma kuwa ni aina ya mnyama. Mimi nililisoma kwa macho ya mtu aliyejaza fomu maisha yake yote, nikaona: kabila. Polycarp, mimi nimeandikwa Mwasia, nimeandikwa Muismailia, raia, si raia, mhamiaji, mkazi. Kwa paka wangu sikujua niandike nini. Valerie akachukua kalamu akaniandikia: wa nyumbani, manyoya mafupi.

Nikamuuliza, "Nyumbani wapi?"

Akanitazama. "Nyumbani tu, Bwana Bahadur."

Swali la kumi na saba nimeliacha wazi. Paka atapimwa kila baada ya miezi sita kwa miaka mitano, na wanataka kujua kama mwenye paka ana mpango wa kuhama. Nitalijaza baadaye.

Sanduku la safari liko wazi sebuleni tangu Januari. Choroko ndiye anayelala ndani yake, juu ya shati nililokununulia. Kuhusu Agosti tutazungumza.

Bahadur


Mpwapwa
18 Machi 2026

Kwako Bahadur, Mhindi wa Mpwapwa,

Mjukuu wangu amenisomea barua yako mbele ya watu wawili waliokuja kuulizia dawa ya minyoo, kwa hiyo habari ya kupe wa kwenye lifti sasa iko sokoni. Pole kwa mgonjwa.

Sasa tuzungumze kama wazee. "Kuhusu Agosti tutazungumza" ni lugha gani? Mwaka juzi pasi yako ilikuwa imekwisha muda. Mwaka jana ilikuwa goti. Mwaka huu ni titi la paka. Bahadur, mimi nimewaambia watu kwamba Nanenane hii utasimama na mimi Dodoma kwenye banda la ng'ombe. Chumba nimekipaka chokaa. Nimenunua neti mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na tundu ambalo hata wewe ungepita. Nina beberu anayekitamani chumba hicho kila asubuhi, namfukuza kwa jina lako.

Kuhusu saratani, nisikilize, maana nimekaa miaka thelathini na minne katika kazi hii. Kila kitu kiko kwenye damu. Mnyama mbaya hutoka kwa mama mbaya. Ulipewa paka huyo na nani? Uliwahi kuniandikia kwamba dada yake wa tumbo moja yuko kwa mwanamke wa Kikenya. Basi nenda ukamtazame dada huyo upesi, kwa sababu ugonjwa ukiingia kwenye ukoo hauchagui mtoto. Sisi kwenye kituo cha mifugo tulikuwa na daftari: mama, baba, bibi, babu. Ng'ombe mmoja akiwa na kasoro, tulikuwa tunawafuata ndugu zake mpaka Kongwa.

Na kabila lisikupe tabu. Unamjua ng'ombe wetu, ng'ombe wa Mpwapwa, yule tuliyempeleka kwenye maonyesho nikiwa kijana. Unajua ametengenezwa na nini? Zebu wa hapa, Borani, kidogo cha Ayrshire kutoka Uskochi, na damu nyingi ya Sahiwal na Sindhi, madume waliotoka kulekule kwa mababu zako. Tulipomaliza kuwachanganya tukamwita ng'ombe wa Mpwapwa. Kwisha. Sijamsikia mtu akimwuliza anarudi lini Sindhi.

Mtibu paka. Kisha njoo.

Polycarp Masima


Flemingdon Park, Toronto
4 Aprili 2026

Bwana Mifugo,

Choroko amepasuliwa, amerudi, na ana mshono kutoka kwapani mpaka kwenye nyonga. Amevishwa kola ya plastiki shingoni ili asiulambe, na kwa kola hiyo anafanana na kipaza sauti cha mikutano ya hadhara. Anagonga kila mlango. Anakula. Usiku wa kwanza alikataa sanduku akalala juu ya miguu yangu, na sikuisogeza miguu. Majibu ya chuo yatachukua wiki kadhaa.

Nilikutii. Nilichukua basi mpaka Eglinton, nikapanda treni mpya, nikapanda basi jingine mpaka Lawrence Heights kwa Phyllis. Huyu ni nesi katika wodi ya saratani, mtu wa Nyeri. Paka mmoja wa mtaani alizaa ndani ya chumba cha kufulia cha jengo lao, Phyllis akabaki na mtoto mweusi akamwita Njahi, jina la kunde nyeusi ya kwao, mimi nikapewa Choroko. Nilimweleza kwamba kunde hiyo yake nyeusi sisi kwetu tunaiita fiwi. Alisema kila mtu ana shida zake.

Alikuwa amelala, maana alikuwa zamu ya usiku. Alifungua mlango akiwa na kanga kichwani.

"Mzee, kuna nini?"

"Nimekuja kumwona Njahi."

"Njahi ako juu ya friji. Ingia. Kuna nani amekufa?"

Nikamweleza: damu, ukoo, dada wa tumbo moja, daftari la Kongwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama wanavyosikiliza manesi, wakingoja kuona pahali panapouma.

"Kwa hivyo umetoka Flemingdon, mabasi mawili na treni, kuja kushika paka yangu matiti."

"Ni kwa ajili ya sayansi," nilisema.

Alikaa chini akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Kisha tukamkamata Njahi. Yeye alishika miguu, mimi nikapapasa, moja baada ya jingine, yote manane. Hakuna kitu. Njahi aliniuma kidole gumba, na ningemshukuru ningekuwa najua lugha yake. Phyllis alipika chai, tukala viazi vitamu, na nilipotaka kuondoka ilikuwa saa kumi na moja. Nimetembelewa sana mjini hapa katika miaka hamsini, lakini sikumbuki lini mara ya mwisho nilibisha hodi kwa mtu bila kupiga simu kwanza. Ni wewe na daftari lako mlionituma.

Barua yako niliibeba nimsomee ile sehemu ya ng'ombe. Sasa siioni. Itakuwa imebaki mezani kwake.

Kuhusu Agosti: mgonjwa wa namna hii hawezi kuachwa na mtu asiyemjua. Utanielewa.

Bahadur


Lawrence Heights, Toronto
11 Aprili 2026

Mzee Polycarp,

Habari yako. Najua nyinyi Watanzania mnapenda shikamoo, kwa hivyo shikamoo. Mimi ni Phyllis Ndegwa, yule wa paka mweusi. Mzee Bahadur aliacha barua yako kwa meza yangu na mimi nikaisoma, nisamehe. Nilianza kwa ng'ombe nikashindwa kuacha. Namba ya mjukuu wako nimepewa na Tasleem.

Nina mambo mawili.

La kwanza ni la damu. Mzee, usikasirike, lakini si kila kitu kiko kwenye damu. Mimi nahudumia wagonjwa wa saratani miaka kumi na nane. Kuna wachache wanazaliwa na jeni mbaya kutoka kwa mama au baba. Wengi hawazaliwi nayo. Seli moja inajigawa, inakosea kunakili, hakuna anayeona, na kosa linaendelea ndani ya uvimbe peke yake. Sehemu nyingine zote za mwili ziko sawa. Ndiyo sababu hicho chuo kinachukua uvimbe na pia damu, ili walinganishe. Choroko anaweza kuwa hana kosa lolote la kuzaliwa. Mzee Bahadur anadhani ni yeye alimletea ugonjwa kwa kuchelewa kumfunga uzazi. Ni kweli kuwahi kungesaidia, lakini amejilaumu vya kutosha. Mwambie wewe, ataamini.

La pili. Aliniambia safari ya kuja kwenu imevunjika kwa sababu hakuna wa kumwangalia paka. Nikamwambia, Mzee, mimi nitakaa naye mwezi wote wa Agosti, nina likizo, na mishono ndiyo kazi yangu. Nilifikiri atafurahi. Akauliza kama chai ina tangawizi. Ilikuwa nayo. Anainywa kila wakati.

Sijui ni nini. Wewe unamjua tangu akiwa kijana. Mimi namjua tangu akiwa mzee, na nakwambia mtu huyu hana huzuni. Alipokuwa hapa alikuwa anacheka. Kuna kitu hataki kukuambia, na nafikiri ni kwa sababu anakupenda.

Phyllis


Mpwapwa
13 Aprili 2026

Bahadur,

Nesi wako ameniandikia. Amenirekebisha kuhusu damu, kwa adabu, na nimekuwa nikitembea na aibu hiyo siku nzima. Miaka thelathini na minne. Wale ng'ombe wa Kongwa niliwaonea bure, labda.

Acha kujilaumu kwa paka. Hilo ni agizo la Bwana Mifugo.

Lakini nimejua jambo jingine. Paka ana mlezi. Goti lako lilipona, maana umepanda mabasi. Pasi unayo. Kwa hiyo visingizio vimekwisha na umebaki wewe. Tuliketi dawati moja, ukanakili hesabu zangu za jometri na ukazikosea ili mwalimu asijue. Hukuwahi kuniogopa. Usianze sasa.

Unakuja au huji?

Polycarp


Mpwapwa
20 Mei 2026

Bahadur,

Siku thelathini na saba. Amekufa paka, umekufa wewe, au mmekufa wote? Jibu kwa namba: moja, mbili au tatu.

Polycarp


Flemingdon Park, Toronto
30 Mei 2026

Polycarp ndugu yangu,

Miaka hamsini na miwili, miezi minane na siku ishirini na nane. Na jibu ni sifuri: hakufa mtu.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nangoja majibu ya chuo, na nilikuwa nimejiahidi kwamba nitakujibu mara tu nitakapoyapata, yawe mazuri au mabaya. Yamekuja jana. Valerie aliyaweka mezani. Ni karatasi moja yenye safu mbili. Safu ya kwanza ni ya damu: yale aliyozaliwa nayo. Safu ya pili ni ya uvimbe peke yake: yale yaliyotokea baadaye.

Safu ya kwanza haikuwa na kitu cha kutisha. Wameona kwamba ni jike mwenye rangi tatu, jambo ambalo ungewaambia wewe bila mashine. Safu ya pili ilikuwa na mistari kadhaa, na mmoja waliukoleza wino: jeni ambayo kazi yake ni breki. Ikiwa nzima, seli hujua kusimama. Kwa Choroko ilivunjika, ndani ya punje ile ya dengu na si kwingine, na Valerie anasema hiyohiyo huvunjika kwa paka wengi wenye ugonjwa huu, na kwa baadhi ya wanawake pia. Wanatafuta dawa inayoweza kuwafaa wote wawili. Kipande cha paka wangu kiko katika kazi hiyo. Nilijisikia kama mzazi wa mtoto aliyeshinda mtihani.

Nikauliza, "Kwa hiyo hakurithi?"

"Hapana. Kosa limetokea njiani," alisema. "Na kingo za tulichokata ni safi, hazina saratani."

Hakuniahidi miaka. Uvimbe ulikuwa mdogo, ulitolewa mapema, na atamchunguza tena Septemba. Leo Choroko amekimbiza nzi kutoka jikoni mpaka chumbani na akamkosa, kama zamani.

Jioni tulifanya karamu ndogo. Phyllis alimleta Njahi ndani ya kikapu cha nguo. Dada hao hawakuwa wameonana tangu wakiwa na wiki tisa. Walipigiana kelele kwa dakika ishirini, kisha wakaingia wote wawili ndani ya sanduku langu wakalala mgongo kwa mgongo. Tasleem, ambaye unajua kwamba ananielewa lakini ananijibu kwa Kiingereza tangu aanze shule, alichungulia akasema kwa sauti ya chini, "Babu, paka zimelala."

Nikamwambia, "Wamelala."

"Babu, wewe umezidi," akasema. Kwa Kiswahili tena. Mara mbili katika jioni moja. Phyllis alinipiga teke chini ya meza ili nisimsahihishe mara ya tatu, na sikumsahihisha.

Baada ya wao kuondoka nilikaa na ile karatasi. Nikachukua nyingine, nikachora safu mbili, zangu. Kwenye ya kwanza nikaandika niliyozaliwa nayo: pua ya baba, Kikachi cha mama, Kiswahili cha dukani na cha uwanjani kwenu, kutopenda bamia. Kwenye ya pili nikaandika yaliyotokea njiani. Theluji iko huko. Tasleem yuko huko, na dirisha, na njia ya miguu ya bondeni ambako watu sita hunisalimu kwa jina, na sasa Phyllis na tangawizi yake. Nilipofika kwenye hamu ya kurudi, kalamu ilikwenda yenyewe safu ya kwanza. Maisha yangu yote nimedhani iko kwenye damu.

Nikasita, nikafikiri kwa usahihi, kama ulivyokuwa ukinilazimisha kwenye jometri. Nilipokuwa Mpwapwa sikuwa nayo. Nisingeweza kuwa nayo, nilikuwa hapohapo. Haikuonekana mpaka mwaka wangu wa kwanza huku, nilipokuwa nafanya kazi katika ghala la viatu na sina wa kuzungumza naye. Ilianza hapo, ndogo, ikakua. Kila mwaka niliilisha. Nilikuahidi kuja kwa sababu mtu mwenye hamu lazima aahidi, kisha ukifika wakati nikagundua kwamba sina hamu ya kuja, nina hamu ya kuahidi. Niliona aibu. Nikakuletea pasi, goti, paka. Nilidhani nikikuambia sina hamu tena, utasikia kwamba sina tena wewe.

Polycarp, nilipoihamishia safu ya pili, sikuumia. Nilibonyeza mahali pale nikingoja maumivu, na hapakuwa na kitu. Kingo safi. Wewe hukukatwa. Wewe uko safu ya kwanza, juu ya bamia.

Asubuhi hii nimempelekea Valerie ile fomu. Swali la kumi na saba, je, mwenye paka ana mpango wa kuhama ndani ya miaka mitano, nimejaza: Hapana. Aliniuliza kwa upole kama nina hakika, kwa umri wangu. Nikamwambia kufa naweza kufa, lakini kuhama sihami. Na chini ya swali la nne, pembeni, kwa penseli, nimeongeza yangu: mwenye paka, kabila lilelile.

Shati linakuja kwa posta. Lina manyoya ya rangi tatu, na huenda na meusi pia, usilifue kabla hujalivaa mara moja. Tarehe nane Agosti nipigie ukiwa kwenye banda. Huku itakuwa mapema asubuhi, nitakuwa macho. Isogeze simu karibu na ng'ombe wetu, yule wa Sindhi ambaye hakuna anayemwuliza, nimsikie akilia. Mimi nitaisogeza kwa Choroko. Tuone nani atashangaa zaidi.

Chumba mpe beberu. Neti itundike kitandani kwako.

Sitarudi.

Bahadur